Siku arobaini za mwizi: Anachodai msomaji wa kawaida kwa riwaya ya upelelezi

RIWAYA za upelelezi na uhalifu zimekumbwa na jambo la ajabu. Zina wasomaji wengi na watetezi wachache. Msomaji wake akiulizwa anasoma nini, aghalabu hujibu kwa kujitetea kwamba ni hadithi tu, ya kupitisha muda. Wahakiki nao wameziita "riwaya pendwa", jina ambalo kwa wengi wao halikukusudiwa kuwa sifa.

Hata hivyo, maoni ya msomaji huyo asiyejidai kuwa mhakiki yanastahili kusikizwa kwa makini. Tuseme yuko Chechelesi, Isiolo, katika mji ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Moyale, ambako Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili. Kitabu amekiazima kwa jirani na kurasa za mwisho zimelegea kwa kupitia mikono mingi. Akikimaliza hatazungumzia dhamira wala mtindo. Atasema kama mwandishi alimchezea shere au la, kama watu wa kitabuni ni watu anaowafahamu, na kama mwovu alipata alichostahili.

Maoni hayo matatu yanaonekana mepesi. Yakichunguzwa, yanabeba karibu kila hoja nzito ambayo imewahi kutolewa kuhusu utanzu huu.

AINA TATU, KISA KIMOJA

Kabla ya kuyachunguza, ni vyema kutenganisha mambo ambayo huchanganywa. Riwaya ya upelelezi, riwaya ya taharuki na riwaya ya uhalifu ni ndugu, lakini kila moja humshika msomaji kwa mkono tofauti.

Chukua kisa ambacho mkazi wa Isiolo hahitaji kuelezwa: wizi wa mifugo. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ataanza asubuhi. Boma ni tupu, lango halikuvunjwa, mlinzi hajulikani aliko, na nyayo za ng'ombe zinaishia ghafla kando ya barabara ya lami. Swali ni nani aliyetenda, na kitabu kizima kitarudi nyuma kulitafutia jibu.

Mwandishi wa riwaya ya taharuki ataanza jioni iliyotangulia. Msomaji ameshaonyeshwa wezi waliojificha nyuma ya kilima. Mwenye boma hana habari. Amekaa anakunywa chai na kuwasimulia watoto hadithi. Hapa hakuna anayeuliza mwizi ni nani. Kinachouliziwa ni kama mzee huyo atang'amua mambo kabla giza halijaingia.

Mwandishi wa riwaya ya uhalifu naye ataketi na wezi wenyewe. Atataka kujua kijana fulani alishikaje bunduki mara ya kwanza, nani aliyempa, lori la kubebea ng'ombe ni la nani, na nyama inauzwa katika mji upi. Mfano unaojulikana sana nchini Kenya ni kitabu cha Kiingereza cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kilichotolewa mwaka 1984. Kiriamiti alifungwa kwa ujambazi, akaandika akiwa gerezani, na mvuto wa kitabu chake unatokana na kwamba anayesimulia ni mhalifu mwenyewe wala si anayemfukuza.

Msomaji anayelalamika kwamba "nilijua mwuaji mapema mno" huenda hajaonewa na mwandishi. Huenda amesoma riwaya ya taharuki akidhani ni ya upelelezi.

KUTOKA PARIS HADI UNGUJA

Kwa kawaida chanzo cha riwaya ya upelelezi ya kisasa hutajwa kuwa hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe, The Murders in the Rue Morgue, ya mwaka 1841. Mandhari yake ni Paris na mpelelezi wake ni Auguste Dupin, mtu anayetatua fumbo kwa kufikiri tu. Mwaka 1887 Mwingereza Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes pamoja na rafiki yake Watson, ambaye kazi yake kubwa ni kustaajabu kwa niaba ya msomaji.

Nguvu ya msomaji wa kawaida ilidhihirika mapema. Mwaka 1893 Doyle, akiwa amechoshwa na Holmes, alimwua katika hadithi. Wasomaji walikasirika. Mwaka 1901 Holmes alirejea katika kisa kilichoelezwa kuwa kilitukia kabla ya kifo hicho, na mwaka 1903 Doyle akakubali kumfufua kabisa. Mwandishi alikuwa amechoka, lakini wasomaji hawakuwa wamechoka, na neno lao ndilo lililosimama.

Katika Kiswahili, mwanzilishi ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Alikuwa mwanahabari na kwa miaka mingi alihariri jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes na ana rafiki, Najum, kama Watson. Vitabu vingine vilifuata, vikiwemo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976).

Ingekuwa rahisi kumwita Abdulla mwigaji. Lakini tazama alichofanya na mazingira yake. Maiti inapatikana mahali ambapo watu wanaamini ni pa mizimu, na wengi wako tayari kukubali kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa hakubali. Anaheshimu wazee na mila zao, ila anasisitiza kwamba kisu hushikwa na mkono, na mkono una mwenyewe. Kwa jamii iliyokaribia uhuru, hilo lilikuwa somo kubwa lililofichwa ndani ya burudani.

WAPELELEZI WANNE NA NYAKATI ZAO

Anayesema kwamba riwaya hizi hazina lolote la kusema kuhusu jamii hajawapanga wapelelezi wake kwa mfuatano wa miaka. Ukiwapanga, utaona kila mmoja amepewa kazi na mtu tofauti.

Bwana Msa hakuajiriwa na yeyote. Ni raia mwenye busara katika Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi, na hata Inspekta Seif wa polisi humtegemea. Sheria ya wakati huo ni ya mkoloni. Hekima ni ya mwenyeji.

Mwaka 1965, Faraji Katalambula wa Tanzania alichapisha Simu ya Kifo. Mandhari yamehamia Dar es Salaam na mpelelezi sasa ni Inspekta Wingo, afisa wa polisi. Nchi imepata uhuru, polisi ni wa wananchi wenyewe, na mwandishi anaweza kumkabidhi msomaji mikononi mwa afisa mwenye sare bila kuona haya. Tishio nalo linapita katika simu, chombo cha maisha mapya ya mjini.

Mwaka 1974 akaja Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, na riwaya za Musiba zinakula katika chungu hicho. Gamba anatumwa Nairobi kufuatilia siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) anapambana na maadui mjini Kinshasa. Wahakiki humlinganisha na James Bond wa Ian Fleming, na kwa magari, silaha na mabibi, ulinganisho huo una ukweli. Tofauti ni kwamba Bond hulinda himaya inayofifia, ilhali Gamba anapigania bara linalojikomboa.

Katika miaka ya 1980 jukwaa likachukuliwa na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, akifuatana na mwandani wake Neema. Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikuwa mwanahabari na mchapishaji pia. Kiango, anayeonekana katika Tutarudi na Roho Zetu? (1987), ni mpelelezi wa kujitegemea. Huu ulikuwa wakati wa uhaba wa bidhaa, ulanguzi na msako wa wahujumu uchumi ulioanzishwa nchini Tanzania mwaka 1983. Imani ya wananchi kwa ofisi za umma ilikuwa imepungua, na shujaa wa riwaya akawa mtu asiye na ofisi.

Mwananchi mwenye hekima, afisa wa polisi, jasusi wa taifa, kisha mtu wa kujitegemea: mfuatano huo unaeleza historia ya matumaini ya watu wa Afrika Mashariki kwa vyombo vya sheria. Hakuna aliyekaa na kuupanga. Kila mwandishi alimchagua mtu ambaye wasomaji wake wangekuwa tayari kumwamini.

MWANDISHI ASIMCHEZEE MSOMAJI SHERE

Sasa turejee kwa dai la kwanza la msomaji wa Chechelesi. Anaposema kwamba mwandishi "alinidanganya", anagusa kanuni kongwe. Mwaka 1929, Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyeandika riwaya za aina hii, aliorodhesha masharti kumi ya utanzu huu. Miongoni mwake ni kwamba mwuaji lazima awe ametajwa mapema, miujiza isitumiwe kama jibu, mpelelezi asifaulu kwa bahati nasibu, na kila kidokezo anachokiona msomaji akione pia.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1926, Agatha Christie alikuwa amewagawanya wasomaji kwa riwaya yake, The Murder of Roger Ackroyd. Wapo waliosema amewahadaa. Wengine walirudi ukurasa wa kwanza, wakakuta kwamba kila kitu kilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo. Hapo ndipo tofauti ilipo. Msomaji hukubali kushindwa, mradi vipande vyote vya bao vilikuwa mezani. Asichokubali ni kipande kilichotolewa mfukoni dakika ya mwisho.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya riwaya za Kiswahili zinaanguka. Shahidi ambaye hakuwahi kutajwa anajitokeza katika sura ya mwisho. Pacha asiyejulikana anawasili kutoka ng'ambo. Mwovu anakiri kila kitu bila kushurutishwa, kwa hotuba ndefu, wakati angeweza kunyamaza na kwenda zake. Mhakiki huita udhaifu huo kasoro ya msuko. Msomaji wa kawaida husema, "Hapa alichoka." Wote wawili wamesema jambo moja.

WATU ANAOWAFAHAMU

Dai la pili linahusu watu na mahali. Msomaji anaweza kuvumilia shujaa asiyepatwa na risasi, lakini humchosha shujaa asiyepatwa na lolote. Bwana Msa anapendeza kwa sababu ya lugha yake na subira yake, na katika riwaya moja, Kosa la Bwana Msa (1984), hata jina la kitabu linakiri kwamba naye anaweza kukosea.

Lawama nzito zaidi ni ya wanawake. Katika riwaya nyingi za taharuki za miaka ya 1970 na 1980, mwanamke anaingia akiwa na sura nzuri na kutoka akiwa maiti, au ni chambo cha kumnasa shujaa. Msomaji wa kike ana haki ya kuuliza kwa nini katika mji mzima wa Dar es Salaam hapakuwa na mwanamke wa kufikiri. Nusu ya wasomaji inapofanywa pambo, kitabu kinapoteza nusu ya akili ambayo ingeweza kutatua fumbo.

Kuna pia suala la mandhari. Unguja, Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa zimepata wapelelezi wao. Msomaji wa Isiolo huwasoma kama mgeni aliyekaribishwa vizuri lakini hajazoea nyumba. Ilhali kwao kuna stadi za upelelezi ambazo Holmes angezionea wivu. Mchungaji hodari husoma nyayo na kueleza mnyama alipita lini na akienda wapi. Alama ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe na mkato kwenye sikio lake ni hati ya umiliki. Mnadani, mtu anayeuza mifugo kwa bei ya chini kwa haraka tayari ameacha kidokezo. Mwandishi atakayezitumia stadi hizo kwa Kiswahili hatakuwa na haja ya kukopa kiko cha mtu.

JE, MWOVU ALIPATA ALICHOSTAHILI?

Dai la tatu ndilo zito kuliko yote. Siku za mwizi ni arobaini, wahenga walisema, na riwaya ya upelelezi ni methali hiyo iliyorefushwa hadi kurasa mia mbili. Humwahidi msomaji kwamba siku zinahesabiwa na kwamba ya arobaini itafika.

Wakenya wana sababu ya kuitilia shaka ahadi hiyo. Mnamo Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa na mwili wake ukapatikana katika milima ya Ngong. Kamati teule ya Bunge ilichunguza na kutoa ripoti mwaka huo huo, lakini hakuna aliyetiwa hatiani. Mnamo Februari 1990 aliuawa waziri wa mambo ya nje, Dkt Robert Ouko. Wapelelezi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon waliitwa kutoka Uingereza, tume ikaundwa, mshtakiwa mmoja akafikishwa kortini na kuachiliwa huru mwaka 1994. Kisa hicho nacho kilibaki bila hukumu. Mkenya aliyeshuhudia wapelelezi kutoka nchi ya Sherlock Holmes wakija na kuondoka anaposoma mwisho uliofungwa vizuri, hutabasamu kwa uchungu kidogo.

Isiolo yenyewe inabeba jeraha la aina hiyo. Mnamo Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hiyo, alipigwa risasi na kuuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Yalifuata machafuko ya vita vya Shifta hadi mwaka 1967. Jina lake limebaki katika wadi ya Wabera mjini Isiolo na katika Mtaa wa Wabera jijini Nairobi. Wapitao hulisoma kila siku kwenye vibao. Ni wangapi wanaokijua kisa chenyewe?

Hivyo basi, je, riwaya inayomkamata mwovu kila mara ni uongo wa kuliwaza? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina uzito. Hadithi inayomaliza kila kitu inaweza kumzoeza msomaji kuamini kwamba mtu mmoja mwenye akili anatosha, wakati ukweli unadai mashahidi wasiotishwa, polisi wasionunuliwa na mahakama zisizochelewa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliligusa tatizo hilo katika Petals of Blood (1977). Riwaya hiyo inaanza kama ya upelelezi: wakurugenzi watatu wameuawa kwa moto Ilmorog na inspekta amekuja kuuliza maswali. Mwishoni aliyewasha moto anajulikana, lakini msomaji anafunga kitabu akijiuliza ni nani hasa aliyeivunja Ilmorog.

Lakini kuna upande wa pili. Riwaya ya upelelezi hushikilia jambo ambalo maisha huliacha lipite: kwamba hakuna kifo cha bure. Mtu mmoja akifa, kitabu kizima kinasimama. Kila aliyekuwa karibu anaulizwa alikuwa wapi, saa ngapi, na nani. Jibu la "ni mizimu", "ni majambazi" au "ni watu wasiojulikana" halikubaliwi. Katika eneo ambalo uvamizi wa wezi wa mifugo unaweza kutajwa kwa idadi ya waliokufa bila jina la hata mmoja, ukaidi huo si burudani tupu. Msomaji aliyezoea kudai ushahidi kutoka kwa mwandishi amepata mazoezi ya kuudai kutoka kwa chifu, kwa afisa wa polisi na kwa mbunge wake.

Aidha, faida ya lugha isipuuzwe. Kwa mkazi wa Isiolo ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiborana au Kiturkana, Kiswahili cha vitabu kinaweza kuwa mlima. Kinachompandisha si orodha ya misamiati, ni hamu ya kujua nani aliyeua. Anayekesha na Bwana Msa hukutana na methali, tashbihi na Kiswahili cha Unguja kilichokomaa, na huvijua bila kuitwa ubaoni. Mtu akishajifunza kumaliza kitabu kimoja kwa hiari yake, cha pili hakimtishi.

Kwa hiyo walimu, wazazi na wasimamizi wa maktaba hawana sababu ya kuzificha riwaya hizi chini ya meza. Wanachoweza kufanya ni kumsikiza msomaji anapotoa maoni yake, kisha kumwuliza swali moja la nyongeza. Akisema mwandishi alidanganya, aonyeshe ukurasa. Akisema watu si wa kweli, aeleze wa kweli wangefanya nini. Akisema mwovu hakupata alichostahili, aseme ni nani aliyepaswa kumpa, na kwa nini hakumpa.

Anayeweza kujibu maswali hayo ameshakuwa mhakiki, hata kama hana cheti. Na siku akiambiwa kwamba mauaji fulani hayawezi kuchunguzwa kwa sababu muda umepita, ataanza kuhesabu, siku baada ya siku, akiingojea ya arobaini.